Pampu Kubwa ya Noel Trezise

Wiki tatu nzima Noel Trezise alikuwa anajua ni pampu gani ya oili ataifunga kwenye injini ya binti yake, na wiki tatu nzima hakumwambia mtu. Haikuwa siri. Alikuwa anaiweka tu, kama mtu anavyosogeza kipande kizuri cha nyama pembeni mwa sahani ili akile mwisho. Siku Kerryn atakapouliza, atamjibu na kumweleza sababu, na binti ataitikia kwa kichwa kama alivyokuwa akiitikia tangu ana miaka minane, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa humo humo bandani.

Banda lenyewe lilikuwa la mabati, nyuma ya nyumba yake pale Moonta, mji mdogo wa Australia Kusini, na joto la Desemba mle ndani lilitosha kuokea mikate. Injini ilikuwa kwenye stendi yake, tumbo juu, kama kondoo anayesubiri kunyolewa. Ilikuwa ya silinda nane, umri wake karibu sawa na wa Kerryn, na sasa imetobolewa upya, kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, imesuguliwa, pistoni mpya, beringi mpya. Ilibaki pampu ya oili na bakuli la oili la kuifunika kwa chini. Msimu uliopita injini hiyo ilimaliza inatoa moshi kama jiko la kuni, na Kerryn akashika nafasi ya nne kwenye mbio za uwanja wa udongo. Msimu huu alitaka ya kwanza. Noel alitaka hiyo, na zaidi ya hiyo alitaka kila mtu pale uwanjani ajue injini imetoka mkononi mwa nani.

Maana siku hizi kulikuwa na jina jingine. Dario Minervini, fundi wa Port Pirie, mwendo wa saa moja na kitu barabara ya kaskazini. Mtu wa miaka arobaini na mbili, mpole, nywele zimechanwa, mwenye mashine ya kupimia nguvu za injini na kompyuta ya kuisomea. Msimu uliopita alimwazima Kerryn mpira wa rejeta pale uwanjani, na tangu siku hiyo Noel akawa anasikia "Dario anasema" kwenye nyumba yake mwenyewe. Dario anasema matairi ya nyuma yapunguzwe upepo. Dario anasema springi ya kulia imelegea. Jumapili moja, Noel alihesabu mara kumi na moja kabla nyama haijakatwa.

Ingekuwa Dario anamtaka Kerryn, Noel angeelewa. Kerryn alikuwa na mume wake, Glenn, kijana mkimya anayeendesha mashine za kuvunia shayiri, na mambo ya namna hiyo yana njia zake za kumalizwa. Hili halikuwa na njia. Dario hakuwa anachukua kitu chochote cha Kerryn isipokuwa sikio lake, na sikio hilo Noel alilijaza yeye mwenyewe kwa miaka ishirini na tano.

Jumamosi hiyo Kerryn alifika saa tano asubuhi na pasti tatu za moto, zile kama sambusa kubwa za nyama, kutoka kwa mwokaji wa barabara kuu. Alikuwa bado na vumbi la ngano kwenye nyusi, kwa sababu alifanya kazi kwenye maghala ya nafaka pale Wallaroo na zamu yake ilikuwa imekwisha muda huo huo. Akamwekea mama yake pasti moja jikoni, akaja bandani, akasimama mbele ya karatasi ya kaki iliyotandikwa juu ya meza ya kazi. Noel alikuwa ameandika hapo vipimo vyote kwa kalamu nene: mwanya ulioachwa kati ya kranki na kila beringi, ya kwanza hadi ya mwisho. Vilikuwa vipimo vya kubana, vya mtu mwenye subira. Alivipima mara tatu.

Mtu yeyote wa kazi ile angejua vinasema nini. Mwanya ukiwa mpana, oili inavuja haraka pembeni mwa beringi, na hapo unahitaji pampu kubwa ya kusukuma nyingi. Mwanya ukibana, pampu ya kawaida inatosha na kubaki. Isitoshe, sheria za daraja la mbio analoshindana Kerryn zilikataza kubadilisha bakuli la chini. Lazima liwe la kiwandani, la ukubwa ule ule. Ukifunga pampu kubwa juu ya bakuli dogo, inanyonya oili kuipeleka juu ya injini haraka kuliko inavyoweza kurudi. Noel mwenyewe aliwahi kuwaambia mafundi hayo, akicheka, kila alipoona mtu amepasua injini kwa kupenda vitu vikubwa.

Kerryn alimega pasti, akasema, bila kugeuka, kwamba jana alikuwa anaongea na Dario habari za pampu.

Noel akaacha kutafuna.

"Anasema ya kawaida inatosha," Kerryn akasema. "Anasema ukitazama hivi vi—"

"Pampu ya kawaida ni ya gari la kwendea kanisani."

"Baba, sijamaliza."

"Huna haja ya kumaliza. Nimeshasikia."

Basi akaanza. Akasema injini ya mbio si injini ya kupelekea mboga sokoni. Akasema oili ni damu, na damu haizidi. Akasema Dario anakaa kwenye chumba chenye feni anatazama mistari kwenye kioo, hajui injini inavyoteseka kwenye udongo. Alisikia mdomo wake mwenyewe ukitoa, neno kwa neno, yale maneno ya watu aliowacheka miaka arobaini, na hakuweza kuufunga. Kila sentensi ilivuta nyingine. Mwisho akasema pampu itakuwa kubwa, kubwa kuliko zote zinazoingia kwenye injini ile, na kama kuna mtu Pirie ana neno, na ajenge ya kwake.

Kerryn alimtazama, akatazama karatasi, akamtazama tena. Kisha akasema sawa, wewe ndiye fundi, akaenda kwake kulala baada ya zamu.

Lorna, mke wa Noel, alikuwa anaanika nguo nje ya dirisha la banda na alisikia yote. Aliingia na kapu lake tupu kiunoni.

"Huyo Dario akisema jua linatoka mashariki," akasema, "kesho asubuhi wewe utageuza kiti utazame magharibi."

"Haya ni mambo ya injini, Lorna."

"Miaka thelathini na sita nimekaa na injini na wewe, mzee wangu. Injini nazielewa kidogo."

Noel akapiga simu dukani Adelaide siku ile ile kabla moyo haujapoa. Muuzaji, ambaye walijuana kwa sauti tu, alitaka kuhakikisha: pampu ile kubwa, na bakuli bado ni la kiwandani? Noel akamjibu kwamba ameulizia pampu, ushauri atanunua siku nyingine. Jumatano pampu ikafika. Ilikuwa nzito mkononi, inang'aa, meno yake marefu kuliko ya kawaida kwa upana wa kidole. Aliitazama kwa muda. Kama Kerryn angeingia saa ile na kuuliza swali moja tu, la upole, labda angeirudisha kwenye boksi. Kerryn alikuwa kazini.

Akaijaza vaselini, grisi nyepesi ya kujipaka, ile ya kopo, ili meno yashike oili mara ya kwanza, akaifunga, akafunga bakuli. Jumapili, kabla ya kuwasha injini, aliizungusha pampu kwa drili kama inavyofanywa, Kerryn akiwa ameshika geji. Sindano ikaruka. Hamsini, sitini, ikasimama themanini na kutulia hapo kama askari wa gwaride.

Hapo Noel alifurahi kweli. Hilo ndilo tatizo la geji: inakuonyesha oili inasukumwa kwa nguvu gani, haikuonyeshi imebaki wapi, na mtu akishaipenda sindano yake iliyosimama juu hasikii kitu kingine. Kichwani alijua. Lakini macho yalikuwa kwenye themanini.

"Mpigie Dario," akasema. "Mwambie themanini."

Kerryn hakumpigia. Alikunja waya wa geji polepole, akasema atakuja na trela Ijumaa.

Mbio zilikuwa Jumamosi ya pili ya Januari, mchana, kwa sababu taa za uwanja zilikuwa zinatengenezwa. Jua lilikuwa la kuua. Watu walikaa ndani ya pikapu zao zilizopangwa kuzunguka uzio, milango wazi, makasha ya bia kivulini. Noel alivaa shati safi. Dario alikuwepo, amekuja na gari la mteja wake mwingine, na alipoona trela ya kina Trezise alikuja kusalimia kwa mikono miwili. Injini ilikuwa imewashwa kupashwa moto.

"Mzee Noel," akasema, "injini inaimba."

"Inajua wimbo wake."

Dario akacheka. Hakuuliza habari za pampu. Noel alikuwa ameandaa jibu kwa swali hilo tangu Jumatano ile, jibu refu lenye makali, na sasa halikuwa na pa kwenda. Hata kutouliza kwake kulimuudhi. Akaona Kerryn ameinamia dirisha la gari lake anamwambia Dario kitu, na Dario anaitikia, na wote wawili wanatazama tairi la nyuma la kulia. Noel akaenda kulitazama tairi hilo pia. Lilikuwa tairi tu.

Mizunguko ilikuwa ishirini na mitano, magari ishirini. Kerryn alianza wa sita. Kwenye mzunguko wa tisa alikuwa wa pili, wa kumi na mbili akapita ndani ya kona na kuongoza. Injini ilivuta kama haijawahi kuvuta. Noel aliushika uzio kwa mikono miwili akasahau jua. Watu wawili waliokuwa karibu wakauliza ile ni injini ya nani, na alisikia mmoja akijibu: ya baba yake. Kwa dakika hizo chache hakuwa na wivu na mtu yeyote duniani.

Hatua kumi kutoka alipokuwa, Dario naye alisimama kwenye uzio. Hakuwa anatazama gari. Alikuwa ameinamisha kichwa, amefumba macho, anasikiliza.

Mzunguko wa kumi na tisa, Kerryn akitoka kona ya pili, injini ikakatika. Haikugonga, haikutoa moshi. Ilinyamaza tu, na gari likateleza lenyewe kimya hadi kwenye nyasi za katikati, na magari kumi na tisa yakampita moja moja. Uwanja ukaguna. Noel alijua kabla ya mtu yeyote kumwambia kwamba injini haikujizima. Imezimwa. Yeye ndiye aliyemfundisha: sindano ya oili ikilala, usifikiri, zima.

Walimvuta hadi kwenye eneo la mafundi. Kerryn akatoka, akavua kofia, nywele zimelowa.

"Sindano imelala kwenye kona," akasema. "Nikanyoosha, ikaamka. Kona iliyofuata ikalala tena hadi chini kabisa. Nikazima."

Noel akasema ni geji. Geji za siku hizi, akasema, hazina maana, atabadilisha geji. Kerryn alifungua kifuniko cha juu ya injini, pale pa kutilia oili, na wote wakaona. Oili ilikuwa imejaa juu hadi mdomoni, nyeusi, inatokota mapovu, mahali ambapo hupaswi kuona zaidi ya unyevu. Yote ilikuwa imepandishwa juu, chini kumekauka, na kile kidogo kilichobaki kwenye bakuli kilikimbilia upande mmoja kila gari lilipopinda, na pampu ile kubwa ikavuta hewa.

Dario alikuwa amefika. Akatazama shimo lile la oili, kisha akatazama pembeni, mbali na uso wa Noel, kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mwenzake hajavaa.

"Inatokea," akasema. "Huu uwanja una kona ndefu sana." Akampigapiga Kerryn begani, akaenda zake kwa mteja wake.

Angemcheka ingekuwa nafuu. Noel alibaki ameshika kifuniko kile, na wivu wake, ambao alidhani utakwisha siku Dario atakapokosea, ukakuta Dario hakukosea na wala hakutaka kulipwa kwa kutokosea.

"Unajua alisema nini siku ile?" Kerryn akasema. Sauti yake ilikuwa chini. "Hukuniacha nimalize. Mimi ndiye niliyemuuliza pampu. Nikamsomea vipimo vyako vya kwenye karatasi. Akasema, 'Mtu aliyebana beringi hivi ameshachagua pampu ya kawaida. Muulize baba yako, mimi usiniulize.'"

Noel akaweka kifuniko juu ya tairi. Kulikuwa na uongo mwingine tayari, umekaa vizuri ulimini, habari ya muuzaji wa Adelaide kukosea boksi. Akauacha.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni ya kawaida. Tangu siku niliyopima."

"Kabla ya Dario?"

"Wiki tatu kabla."

Kerryn alikaa juu ya ukingo wa trela. Alifungua chupa ya maji akanywa nusu yake, akafunga, na muda wote huo hakumtazama.

"Nilikuwa na watu kumi na tisa nyuma yangu, Baba," akasema. "Nisingeangalia geji, injini ingekwama ghafla katikati ya kona."

Noel hakuwa amelifikiria hilo. Hiyo ndiyo ilikuwa aibu yenyewe. Wiki zote hizo alimfikiria Dario asubuhi na jioni, akamfikiria akinywa chai, akamfikiria kitandani, na aliyekuwa ndani ya gari hakumfikiria hata mara moja. Alitaka kusema hivyo lakini halikuwa jambo la kusemeka mtu akiwa amesimama. Alipokaa, Kerryn akasimama, akaenda kufunga mikanda ya gari kwenye trela.

"Injini inakwenda Pirie," akasema. "Inabaki huko msimu huu."

Siku kumi stendi ilikaa tupu bandani. Noel alifagia. Alipanga spana kwa ukubwa, kisha akazipanga upya. Kila jioni alijua kwamba saa hizo Kerryn ametoka kazini na yupo barabara ya kaskazini, na aliona kichwani taa za karakana ile, na vichwa viwili vimeinama juu ya kazi yake, wakiifungua boliti kwa boliti na kuona kila alipokosea. Lorna hakumtania tena, na hilo lilimtisha. Siku ya kumi na moja Noel alimkuta mezani amemfungia mkate uliotiwa nyama kwenye karatasi na kuweka funguo za pikapu juu yake. Noel akasema hatakwenda kuosha mikono kwenye sinki la mtu mwingine. Lorna akasema mkate ule una haradali, ukikaa utalowa.

Karakana ya Dario ilikuwa safi kupita majiko mengi. Kerryn alikuwepo, mikono na oili hadi kwenye viwiko, na kwenye msumari juu ya birika la umeme kilining'inia kikombe cha njano chenye jina lake. Noel alikitazama kikombe kile kuliko alivyotazama injini. Mtu hapewi kikombe siku ya kwanza.

Dario alimletea kiti, Noel hakukikalia. Akaonyeshwa beringi. Mbili zilikuwa zimechubuka, kranki imepigwa msasa kidogo tu, hakuna kilichovunjika. Alizima mapema, Dario akasema, angechelewa nusu mzunguko tungekuwa tunazungumza mengine. Kerryn alikuwa amewapa mgongo, anafuta kitu ambacho kilikuwa kimeshafutwa.

"Dario," Noel akasema. "Nilifunga kubwa kwa sababu wewe ulisema ndogo. Hakukuwa na sababu nyingine."

Dario alishika kidevu chake, akaacha alama nyeusi. Alionekana mtu asiyejua pa kuweka macho.

"Mzee," akasema mwishowe, "hayo ni ya kwenu wawili. Mimi nina pampu mezani hapo, na mgongo unaniuma tangu Jumatatu. Utaifunga au niiname mwenyewe?"

Noel alimtazama Kerryn. Kerryn aligeuka, na uso wake haukuwa wa kusamehe, bado, lakini alisogea kando ya stendi hatua moja, nafasi ya mtu mmoja kusimama.

Noel akavua kofia. Akachukua pampu ya kawaida, akaizungusha kwa kidole akasikiliza meno, akaijaza grisi, akaiweka mahali pake. Ikakaa. Akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, akaomba spana, na Dario akampa. Spana hiyo ilikuwa nyepesi, imekaa mkononi kama imechongewa yeye, haina mchezo hata kidogo. Ilikuwa nzuri kuliko zake zote, na hilo nalo lilimuuma, akakaza boliti ya kwanza.